Majani ya Pambo na Haki ya Jirani



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Bwana Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), mwezi huu twataka kujibu barua ya bibi mmoja, msomaji wetu wa huku mwambao. Barua hii haikuja kuuliza sharti za swala wala hesabu ya zaka. Imekuja kuuliza habari ya majani. Walakin tulipoisoma mpaka mwisho tuliona kwamba suala lake si dogo, na kwamba nyumba nyingi zetu zimo katika jambo kama lake bila ya kujua.

Bibi huyu asema kwamba alinunua kwa muuza miche wa barabarani mashina machache ya majani ya pambo, akayapanda mbele ya nyumba yake kando ya ua wa makuti. Majani yakashika, yakatoa masuke mazuri yenye kupepea kwa upepo wa jioni, na kila mpita njia akayasifu. Mwaka wa pili yakapita chini ya ua na kutokea upande wa pili, katika matuta ya mchicha ya jirani yake, mama mtu mzima aliye mjane, ambaye mchicha huo ndio riziki yake. Jirani akasema mara moja, kwa upole. Akajibiwa kwamba majani ni ya Mungu na yamejiotea yenyewe. Hakusema tena. Lakini Ramadhani iliyopita, sahani ya futari iliyokuwa ikivuka ua ule kila jioni kwa miaka mingi haikuvuka. Bibi atuuliza: je, ana dhambi kwa majani yaliyojiotea yenyewe? Na kama anayo, afanye nini, na apande nini badala yake?

Kwanza twasema kwamba sisi si mufti. Kazi yetu ni kuwafundisha watoto alifu na be, na mwenye kutaka fatwa na awaendee masheikh wake. Tutakayoyasema ni yale yaliyo dhahiri, ambayo kila mwenye kukaa mbele ya mwalimu ameyasikia.

Kupenda pambo si kosa. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Tena ametufundisha kwamba Muislamu apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, basi ile ni sadaka yake. Nyumba yenye ua safi na kijani kibichi humtuliza mwenyewe na humfurahisha mgeni. Hilo halina mjadala.

Lakini dini iliyotuambia haya ndiyo iliyotuambia kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na Jibrili (A.S.) alimuusia Bwana Mtume juu ya jirani, akaendelea kumuusia, hata Mtume akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Na wanazuoni hawakuliacha jambo hili hewani. Katika vitabu vya fiqhi ya Imamu Shafi wametaja mti ambao matawi yake yameingia kiwanjani kwa jirani. Wamesema kwamba jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti ayaondoe. Akikataa, jirani aweza kuyapinda yarudi yalikotoka, na yasipopindika aweza kuyakata. Na mizizi ienendayo katika ardhi ya mwenziwe wameipa hukumu ile ile ya matawi. Nasi twapenda kuwaonyesha jambo moja: suala hili wameliweka katika mlango wa sulhu. Hawakuliweka katika mlango wa jinai.

Basi, bibi yetu, siku ulipoyapanda hukujua, na asiyejua hana lawama. Ama baada ya kuambiwa, na kuyaona kwa macho yako ndani ya mchicha wa watu, kule kuyaacha ndiko kulikoleta neno. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeyaotesha, ni kweli. Lakini mkono ulioyatia pale ni wako, na ua huo ni wako.

Sasa tuingie katika majani yenyewe, kwani mtu hawezi kujilinda na asichokijua.

Jamaa ya majani ni kubwa mno. Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zake zaidi ya 11,000. Mpunga ni majani, na mahindi, na ngano, na mtama, na muwa. Hata mwanzi mrefu kuliko nyumba ni katika jamaa hiyo. Katika Sura ya Abasa Mwenyezi Mungu ameyataja malisho pamoja na matunda katika neema alizotuotesha. Na yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliisoma sura hiyo juu ya mimbari, akasita penye lile neno ambalo wafasiri wengi wamelifasiri kuwa ni majani ya malisho, akasema kwamba matunda twayajua, je, hili ni nini? Kisha akajirudi, akasema kwamba huku ni kujikalifisha. Ikiwa Sayyidna Umar alisita mbele ya majani, basi nasi tusione haya kusita mbele ya mche wa muuzaji na kumwuliza: haya ni majani gani?

Majani yote haya, kwa tabia zake, twaweza kuyagawanya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni majani yakaayo kitako. Shina hunenepa mahali pake, likaongeza vishina pembeni kidogo kidogo, lakini halitoki hapo ulipoliweka. Mfano wake ni mchaichai.

Fungu la pili ni majani yatembeayo. Haya yana njia mbili za kutembea. Mengine hutambaa juu ya ardhi kwa vikonyo virefu, na kila fundo la kikonyo likigusa udongo hutoa mizizi. Mengine hupita chini kwa chini kwa mizizi minene, meupe, yenye ncha kali kama msumari, na kila kipande cha mzizi huo kikikatika huwa mche mpya. Wewe walima ukidhani wayaua, kumbe wayazidisha. Bibi ametueleza kwamba aliyoyakuta chini ya ua ni mizizi meupe yenye ncha. Hivyo majani yake ni ya namna hii, na jina lake hata tusipolijua halidhuru.

Fungu la tatu ni majani yarukayo. Shina lake laweza kukaa kitako kwa adabu, lakini masuke yake hubeba mbegu nyingi nyepesi zenye nywele, na upepo huzichukua mbali kuliko ua wako na ua wa jirani wa saba.

Mnunuzi mwenye akili humwuliza muuza miche maswali matatu kabla ya kufungua mkoba. La kwanza: yakaa au yatembea? La pili: mbegu zake huota? La tatu: yatoka wapi, na huko yalikopelekwa yalifanya nini? Tena usitosheke na maneno. Mwombe akutolee mche katika mfuko wake uutazame chini. Ukiona mizizi meupe yenye ncha inazunguka mfuko kutafuta njia ya kutokea, urudishe mahali pake kwa salama. Na ukiona ndani ya udongo vijitunda vyeusi vidogo, jua kwamba hiyo ni ndago. Ndago si majani hasa, ingawa yafanana nayo. Na ikishaingia katika bustani, mwenye bustani atalima mpaka achoke.

Sasa tutaje baadhi ya majani ya kuhadhari nayo.

Ukoka kila mtu aujua. Ni zulia zuri la uwanja, hustahimili jua na kukanyagwa, lakini hutembea juu na chini pia. Mwenye kiwanja kikubwa kilichojitenga na aupande. Mwenye ua mdogo uliopakana na matuta ya mboga ya watu, na auache. Vivyo hivyo majani ya Kikuyu, yaliyotoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na kuchukua jina la Wakikuyu. Kwao ni malisho mema na uwanja mzuri. Marekani, serikali imeyaandika katika orodha ya magugu yenye madhara.

Kuna na yale waitayo motomoto, yenye masuke meupe kama pamba na mizizi yenye ncha chini ya ardhi. Haya hushika moto upesi na huota tena mara baada ya kuungua, kwa kuwa uhai wake umo chini. Mnamo mwaka 1912 yaliingia katika jimbo la Alabama, Marekani, yakiwa ni majani ya kufungashia michungwa iliyotoka Japani. Na mpaka leo watu wa kusini ya nchi ile wamo katika kupigana nayo. Ipo aina yake yenye majani mekundu ambayo huuzwa kwa pambo. Nayo yaweza kurudi katika asili yake ya kijani na kuanza kutembea. Msidanganywe na wekundu.

Katika majani yarukayo, mashuhuri ni yale marefu ya Pampas, asili yake Argentina na nchi jirani zake, yenye mashuke meupe makubwa ambayo siku hizi hukaushwa kwa kupambia harusi. Shuke moja kubwa laweza kubeba mbegu zipatazo 100,000. New Zealand, California na Afrika Kusini yametoka katika bustani yakaenda porini, na watu wanaingia gharama kuyaondoa. Mengine ni yale mafupi yenye masuke laini mithili ya mkia wa paka, ambayo wataalamu huyaita Pennisetum setaceum. Haya asili yake ni Afrika ya Kaskazini, Arabuni na sehemu za Afrika Mashariki; ni ya kwetu. Yalipelekwa visiwa vya Hawaii mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya pambo tu, yakaenea juu ya ardhi kavu ya mawe ya volkeno, na kila yaungapo moto huota tena kabla ya miti ya wenyeji kuinua kichwa. Umoja wa Ulaya uliyatia katika orodha ya mimea migeni yenye madhara mwaka 2017, na kuyauza au kuyapanda huko kumekatazwa.

Na kwa kuwa tumetaja Hawaii, yafaa tukumbuke yaliyotokea huko katika mji wa Lahaina tarehe 8 Agosti 2023. Kandokando ya mji ule palikuwa na mashamba ya miwa yaliyokwisha kuachwa, na mahali pa miwa pameshikwa na majani marefu ya kigeni, na miongoni mwao yamo yaliyotoka Afrika na kupelekwa huko zamani kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Majani yale yalikuwa yamekauka. Moto ulianza kwa nyaya za umeme, upepo mkali ukauchochea, na majani makavu yakaubeba mpaka majumbani. Watu zaidi ya 100 walikufa. Majani yale huku kwetu huliwa na ng'ombe na pundamilia, na kila mwaka hupata wa kuyapunguza. Huko hayakupata. Hayana kosa lolote. Mtu ndiye aliyeyahamisha, kisha akageuza uso asiyaangalie tena. Kuta za ua wetu ni ndogo na mji wa Lahaina uko mbali, lakini hukumu ya jambo ni moja: mwenye kuotesha kitu huulizwa kinakokwenda.

Turudi kwa bibi yetu. Dawa ya majani yako ni kazi, na kazi yenyewe ni hii.

Kwanza nenda kwa jirani yako kabla ya kushika jembe. Usimtume mtoto, wala usimwandikie ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, ubishe hodi, umwambie kwamba alilolisema ni kweli na kwamba umekuja kuomba ruhusa ya kuingia katika matuta yake uyatoe. Neno hili litakuwa zito kuliko jembe, lakini likishatoka, kazi iliyobaki ni ya mikono tu.

Kisha kata masuke yote yaliyokomaa, uyatie ndani ya mfuko kabla hayajapukutika. Lowesha ardhi siku moja kabla, ili mizizi itoke bila kukatika. Usipige kwa jembe. Chimbua kwa uma wa bustani au kwa muo, ukiufuata mzizi kwa mkono mpaka mwisho wake, kama afuatavyo mtu uzi katika nguo inayofumuka. Anzia upande wa jirani, umalizie kwako. Usiitupe mizizi bondeni wala nyuma ya nyumba za watu, kwani utakuwa umehamisha dhara tu. Itandaze juu ya bati au sakafu ya saruji, juani, mpaka ikauke kabisa na ikatike ukiikunja. Baada ya hapo kagua mahali pale kila juma, na kila kichipukizi kitokacho king'oe kikiwa kichanga. Kazi hii yaweza kuchukua mwaka mzima. Na mchicha ulioharibika una thamani yake; mlipe jirani yako, au mpe badala yake kwa namna isiyomvunjia heshima.

Ama la kupanda mahali pake, tutataja manne yakaayo kitako na moja la zulia.

La kwanza ni mchaichai. Twaudharau kwa kuwa twauzoea, walakin ni katika majani mazuri ya pambo: shina lake huinuka kufikia mita moja na zaidi, majani hupinda kama chemchemi ya maji, na harufu yake huenea kila unapoyagusa. Ni nadra kutoa maua, hivyo hautoi mbegu za kwenda kwa watu. Tena ni chai ya nyumba. Na mchaichai ni wa ukoo mmoja na idhkhiri, majani ya manukato ya Arabuni yenye historia tukufu. Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, Makka ilipofunguliwa, Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza kukatwa mimea ya Haram. Ami yake Abbas (R.A.) akaomba idhkhiri itolewe katika katazo hilo, kwa kuwa wahunzi waihitaji na nyumba zaihitaji, naye Mtume akaitoa. Jani lililoombewa ruhusa mahali kama pale si la kudharauliwa.

La pili ni vetiva, ambayo asili yake ni Bara Hindi. Kwa macho ni shina zito la majani membamba yaliyosimama, urefu wake hufika mita moja na nusu. Lakini ajabu yake iko chini. Mizizi yake haitembei pembeni, hushuka moja kwa moja, na katika udongo mzuri huweza kufika mita tatu. Ukiipanda kwa safu hushika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua. Katika visiwa vya Fiji ilianza kutumiwa kulinda mashamba ya miwa tangu miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1980 Benki ya Dunia imeieneza katika nchi nyingi. Wahindi husuka pazia kwa mizizi yake yenye harufu, wakazirashia maji ili upepo uingie nyumbani ukiwa wa baridi. Sharti moja: omba ile aina ya India ya Kusini, ambayo mbegu zake haziwi, na upate mche uliogawanywa kutoka katika shina, usipate mbegu. Aina ya kaskazini hutoa mbegu ziotazo.

La tatu ni yale majani ya rangi ya damu ya mzee, yenye masuke ya mkia. Yafanana na Pennisetum tuliyoyaonya, lakini haya ni aina nyingine ambayo mbegu zake ni nadra kuota; huongezwa kwa kugawanya shina. Mwenye kutaka rangi mbele ya nyumba yake, rangi ni hii. Walakin muulize muuzaji vizuri, na rangi iwe imeenea jani lote. Ukiuziwa ya kijani kwa jina hili, usichukue.

La nne ni mwanzi, kwa mwenye nafasi. Iko mianzi ikaayo kwa fungu, kama ule mnene wa manjano wenye mistari ya kijani uonekanao katika viwanja vingi, na iko mianzi myembamba ya Uchina itembeayo chini kwa chini na kupasua hata sakafu. Chagua ile ya fungu, na uiweke mbali na ukuta na mfereji wa maji.

Na anayetaka zulia la uwanja badala ya ukoka, na ajaribu majani mapana ambayo katika pwani huitwa majani ya Pemba. Hustahimili chumvi ya bahari na kivuli cha miembe. Haya nayo hutembea, lakini hutembea juu ya ardhi tu, mahali ayaonapo mtu. Hivyo panga au mkasi kila mwezi hutosha kuyarudisha mpakani.

Namna ya kupanda ni nyepesi. Ngoja mvua za masika au za vuli zianze. Gawanya shina la zamani kwa panga kali, kila kipande kiwe na vishina viwili au vitatu na mizizi yake. Punguza majani yabaki kiasi cha shubiri moja, ili mche usikaushwe na jua kabla mizizi haijashika. Mchaichai uupande kwa nafasi ya dhiraa moja na nusu baina ya shina na shina. Vetiva ya kuzuia udongo ikaribishwe, sentimita 10 hadi 15, ili safu ifungane. Yote haya yataka jua. Chini ya mti mnene hudhoofika. Acha dhiraa mbili baina ya safu yako na mpaka wa jirani, hata kwa majani yakaayo kitako, ili masuke na majani yake marefu yaanguke upande wako. Wala usiyapande chini ya dirisha la chumba cha kulala. Shina lililoachwa bila kukatwa huwa maficho ya panya, na palipo na panya nyoka huja.

Maji yahitajika katika majuma ya kwanza. Baada ya kushika, mchaichai na vetiva hustahimili kiangazi kwa maji kidogo, na haya ndiyo yawafaayo watu wanunuao maji kwa ndoo. Israfu ya maji si pambo. Katika madrasa yetu tumeuelekeza mfereji wa udhu kwenye safu ya mchaichai. Maji yale ni twahara ingawa hayatwaharishi, na majani hayana haja ya zaidi ya hayo. Vetiva ikatwe mara mbili au tatu kwa mwaka, ibaki kiasi cha dhiraa moja, na majani yaliyokatwa yatandazwe chini ya miti kuhifadhi unyevu. Mchaichai ugawanywe kila baada ya miaka miwili au mitatu, shina lisizeeke katikati. Na mwenye kukata na avae mikono mirefu, kwani majani haya yana makali kama wembe.

Neno la mwisho ni kwa wazazi wote, wake kwa waume. Watoto wetu husoma darsa ya haki za jirani, wakaihifadhi kwa moyo, kisha hurudi nyumbani wakaona uchafu umesukumwa kwa fagio mpaka upande wa pili wa ua, na maji machafu yamechimbiwa mfereji kuelekea kwa watu. Darsa yetu ya saa moja haiwezi kushindana na yale wayaonayo kutwa nzima. Basi siku mpandayo majani, mwiteni mtoto. Mwonyesheni mpaka uko wapi, mpimeni dhiraa mbili kwa mkono wake mwenyewe, na mumwambie kwa nini mmeziacha. Na shina likishanenepa, kigawanyo cha kwanza kiende kwa jirani, akiwa Muislamu au asiwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyua zetu ziwe na kijani, na majumba yetu yawe na amani, na atuepushe na kuwa majirani ambao watu hawasalimiki na udhia wao. Mwezi ujao, Inshallah, tutasema juu ya uhifadhi wa maji ya mvua katika nyumba.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.